Nimetoka Butimba, fomu ya kazi inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani

SWALI: Asalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni kijana wa Igoma, Mwanza. Nilikuwa mtunza stoo wa mfanyabiashara wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki), nikamwibia mzigo, mahakama ikanitia hatiani na nikatumikia kifungo Butimba. Nimetubu. Sasa kiwanda kimoja cha samaki kinatafuta watu wa stoo, na fomu inauliza kama mwombaji amewahi kutiwa hatiani. Ustadhi mmoja ameniambia nijibu "Hapana", kwa kuwa aliyetubia ni kama asiye na dhambi, na nikisema kweli nitakuwa najitangazia maovu. Pia yupo tajiri wa mitumbwi pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inapoegesha, anataka vibarua wa dagaa, yeye hajauliza chochote. Nina mke na watoto wawili. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, swali lako limenikosesha raha, na si kwa sababu yako. Jibu ulilopewa linasambaa sana kwa vijana wanaotoka gerezani. Usiandike "Hapana". Huo ni uongo, na kuuita sitara hakuuhalalishi.

Hadithi anayoitegemea ustadhi wako ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim: umma wote utasamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha. Ila angeisoma mpaka mwisho. Anayesemwa humo ni mtu aliyefanya jambo usiku, Mola wake akamsitiri, kukipambazuka yeye mwenyewe anamsimulia mwenzake, "Jana nilifanya hivi na hivi." Hakuna aliyekuwa akijua, naye anajivua sitara kwa ulimi wake. Wewe hukumu yako ilisomwa mahakamani mbele za watu, na anayekuuliza anataka kukukabidhi mali. Kumjibu si kujitangaza. Kuhusu toba, fomu haikuulizi kama una dhambi mbele ya Mola wako. Inauliza kama mahakama ilikutia hatiani, na ilikutia.

Wengine huenda mbali zaidi: andika "Hapana", moyoni nuia "sijatiwa hatiani mwaka huu". Hili linaniudhi kuliko lile la kwanza. Wanazuoni wameruhusu mafumbo ya maneno kwa aliyedhulumiwa au mwenye dharura, hawakuyaruhusu kwa kumnyima mtu haki yake ya kujua anamwajiri nani. Mtume (s.a.w.) amesema, katika Sahihi Muslim, kwamba kiapo chako ni kwa namna anavyokusadiki mwenzako. Ukishatia sahihi kwamba uliyoyaandika ni kweli, nia ya moyoni haikusaidii kitu. Kijana ametubia wizi, nasi tunamfungulia maisha mapya kwa hila! Tunamfundisha toba gani?

Lakini kusema kweli si kusema yote. Andika "Ndiyo", taja kosa, taja mwaka, eleza kwamba umemaliza adhabu. Habari za gerezani haziwahusu. Na kama unataka rai yangu, stoo iache kwa sasa. Ndipo ulipoanguka. Omba kazi nyingine humo humo kiwandani, ya minofu, ya kupakia, hata ya usafi.

Kwa tajiri wa mitumbwi hukumu ni nyepesi. Hajakuuliza, na kazi yenyewe ni kuvuta nyavu na kuanika dagaa. Hulazimiki kumwendea na habari zako. Imamu Malik amepokea katika kitabu chake, Muwatta, kwamba mtu alikuja kumposa dada wa mwenzake, yule kaka akataja kosa alilowahi kufanya dada yake, na Umar (r.a.) akamkemea vikali kwa kulitaja. Hata hivyo, siku tajiri atakapotaka kukupa funguo au fedha za mauzo, mwambie kabla hujazipokea, kwani hapo kosa lako la zamani linagusa amana yenyewe.

Kuna jambo hukuuliza, nami siwezi kulinyamazia. Yale mabondo umeyalipa? Kifungo ni adhabu, hakifuti haki ya mwenye mali. Mwendee ukiwa na mzee anayeheshimika kwenu, umwombe radhi, mpatane kulipa kidogo kidogo. Ukiingia kwenye dagaa, kila mbalamwezi inapoingia na mitumbwi ikapumzika, mkishalipwa, mpelekee chochote. Akikusamehe, alhamdulillah. Akikataa kukuona, usichoke, mtume mtu. Huenda yeye ndiye atakayekuja kukushuhudia mbele ya mwajiri mwingine.

Na ninyi matajiri wa mwaloni na wenye viwanda mnaoswali nasi: kijana akiwaandikia "Ndiyo" kwa mkono wake, msiitupe fomu kabla hamjamwita mkaongea naye. Mistah, jamaa aliyekuwa akisaidiwa na Abu Bakr, alishiriki kumzushia Bibi Aisha, bintiye Abu Bakr, naye Abu Bakr akaapa kumkatia msaada, ikateremka aya ya 22 ya Surat An-Nur: je, hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Abu Bakr akaurudisha msaada. Na yule mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyekatwa mkono kwa wizi, Bibi Aisha anasema alitubu vizuri, akaolewa, na alikuwa akija kwake naye akimfikishia Mtume haja zake. Mnaogopa kumpa stoo? Msimpe stoo. Mpeni kazi ya mikono, mumwangalie.

Mwanangu, imamu wa msikiti wenu anayekuona kwenye safu kila siku mwombe awe mdhamini wako, na kabla hajakubali mweleze yote. Wallahu a'lam.