Wasomaji Wanauliza: Wingi wa Kazi za Neil Simon

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha maigizo hapa Nairobi kinafanya mazoezi ya The Odd Couple, ramsa ya Mmarekani Neil Simon. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba mtu aliyeandika tamthilia na filamu nyingi kiasi hicho hawezi kuwa msanii makini. Je, ni kweli? Na Uyahudi wake una nafasi gani katika kazi hizo?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu anadhani kwamba mwenye kuandika mengi huandika haraka. Simon aliacha tamthilia zaidi ya 30, mbali na skripti nyingi za filamu, lakini ile ya kwanza kufika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo mjini New York, yaani Come Blow Your Horn ya mwaka 1961, ilimchukua takriban miaka mitatu ya kuandika, kutupa na kuanza tena, huku riziki yake ikitoka kwenye televisheni, ambako yeye na kaka yake Danny waliwaandikia wachekeshaji kama Sid Caesar.

Tamthilia yenu yenyewe ni ushahidi. Baada ya Danny kutalikiana na mkewe, alihamia kwa mwanamume mwingine aliyekuwa katika hali hiyo hiyo. Alijaribu kukiandika kisa hicho, kikamshinda, akamwachia mdogo wake. Ilipokuwa ikijaribiwa mjini Boston mwaka 1965, kabla ya kupelekwa New York, sehemu ya tatu haikuwa imekaa sawa, na Simon akaiandika upya mara kadhaa. Mhakiki wa mji huo, Elliot Norton, alisema waziwazi kwamba anatamani kuwaona tena wale dada wawili Waingereza wa sehemu ya pili, na Simon, badala ya kununa, akawarudisha jukwaani. (Ni waandishi wangapi wetu wangekubali?) Mwaka huo huo alipata tuzo ya Tony, ile kuu ya maigizo ya Broadway, ya mwandishi bora.

Kumbukeni pia kwamba Felix, mmoja wa wanaume wawili wakuu katika mchezo huo, anaingia jukwaani akiwa mtu aliyeachwa na mkewe, na marafiki zake wanahofia atajiua. Mwigizaji akianza kwa kutafuta vicheko, mchezo mzima utaporomoka.

Huzuni hiyo Simon aliijua tangu utotoni. Alizaliwa Bronx tarehe 4 Julai 1927, akakulia Washington Heights wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, katika nyumba ambayo baba alikuwa akiondoka na kurudi. Kuhusu Uyahudi, tamthilia zake za mwanzo hazikuutaja sana, ingawa lafudhi na kejeli za mitaa hiyo ya New York zinasikika humo. Aliukabili moja kwa moja alipokaribia umri wa miaka 60: Brighton Beach Memoirs (1983) inaonyesha familia ya Kiyahudi ya Brooklyn wakati vita vinanukia Ulaya, na Biloxi Blues (1985) inampeleka kijana wa familia hiyo jeshini, ambako chuki dhidi ya Wayahudi imo ndani ya bweni lenyewe. Lost in Yonkers, yenye nyanya mkali mhamiaji kutoka Ujerumani aliyewalea wanawe kwa ugumu kupita kiasi, ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1991. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora, na mwenzenu angefaa kuanza nayo.

Katika filamu, aliteuliwa mara nne kuwania Oscar bila kushinda, mojawapo kwa The Goodbye Girl ya mwaka 1977, ambamo mkewe wa pili, Marsha Mason, aliigiza. Alifariki New York mwezi Agosti 2018, akiwa na umri wa miaka 91.

Kwa kuwa sheria yetu ya hakimiliki hulinda tamthilia kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, ombeni kibali cha kuigiza kabla hamjachapisha tiketi hata moja.