Utajuaje maana ya "puellae"?

Umeuliza kwa nini neno la Kilatini "puellae" hufasiriwa mara "wasichana", mara "ya msichana", mara "kwa msichana", na msomaji atachaguaje. Mwisho wa nomino ya Kilatini hautoshi peke yake, kwa hiyo anza na kitenzi. Katika "Puellae cantant", kitenzi kiko katika wingi na hakuna mtenda mwingine, basi wanaoimba ni wasichana. Katika "Agricola puellae rosam dat", kitenzi ni cha umoja, mtenda ni "agricola" (mkulima, neno la kiume ijapokuwa linaishia na -a), kinachotolewa kinatambulishwa na ile -m ya "rosam", na kwa kuwa kutoa kunahitaji mpokeaji, "puellae" ndiye anayepewa: mkulima anampa msichana waridi. Ukikutana na "rosa puellae" bila kitenzi cha kutoa, lisome kuwa waridi la msichana.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea kuona kazi ya kumwonyesha mpokeaji ikifanywa na kiambishi cha kitenzi, kama -m- katika "anampa", huku nomino ikibaki ilivyo. Tulicho nacho cha kukaribia mtindo wa Kilatini ni -ni ya "nyumbani". Jihadhari zaidi na "puella" yenye a ndefu mwishoni, inayofuata vihusishi kama "cum", yaani "pamoja na", kwa kuwa vitabu vingi havionyeshi urefu huo, na hivyo hufanana na "puella" ya mtenda.