Masika, watoto wadogo na kuku wa nyuma ya nyumba

Wiki hii mama mmoja wa Kibaha ameniandikia. Ana watoto wawili: wa kwanza ana miaka minne, wa pili ndio kwanza anajifunza kukimbia. Ameletewa tetea watatu na jogoo kutoka kwao Singida, na mume wake anamwambia awachinje tu kwa sababu mvua zimeanza, matope yatajaa nyumbani na watoto wataugua. "Dada, wewe umewezaje?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali hili naulizwa sana, kwa hiyo leo najibu kwa kirefu.

Niwe wazi kwanza. Naishi Kihonda, Morogoro, kwenye kiwanja ambacho ukitoka jikoni hatua chache tu umegonga ukuta. Nilianza na tetea wawili wa kienyeji, mmoja wao kishingo, na jogoo wa kuazima. Wifi yangu mmoja alipokuja kutusalimia, akasimama mlangoni pa banda akacheka mpaka akajishikiza ukutani. "Huu ndio mradi?" Akaupeleka utani huo kwa ukoo mzima, na hadi leo kwenye vikao vya familia hakosekani mtu wa kuniuliza kuku wangu wamefika elfu ngapi. Nimesamehe. Kusahau bado.

Nami sikuwahi kusema ni mradi. Kwenye makundi ya simu kila mtu ana hesabu yake: vifaranga mia, zidisha kwa miezi sita, toa chakula, nunua kiwanja. Aliyeifikisha hesabu hiyo mwisho sijamwona mtaani kwetu. Mimi nilitaka watoto wale mayai, na wapate shughuli ya kweli wakati mvua imewafungia ndani. Vyote nimepata. Wifi hajaniuliza.

Masika huku kwetu ni Machi mpaka Mei, na kwa kuku wa kienyeji ni msimu wa shibe. Majani mabichi kila kona, wadudu wamejaa. Jioni moja baada ya mvua kubwa kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya choo cha jirani, watoto wangu wakakimbilia huko na beseni lenye maji na tochi. Kesho yake asubuhi kuku walikula mpaka wakachoka, na mwanangu mdogo naye alikula wachache kabla sijamfikia. (Hawana madhara. Bibi yake huwakaanga kwa chumvi.) Mtoto aliyelala akiwa amechoka namna ile hakusumbui usiku kuomba simu.

Ushauri wangu mkubwa, na huu uushike: mwache kuku alee mwenyewe. Tetea wa kienyeji akishataga mayai kumi mpaka kumi na tano huwa anaanza kuatamia. Muwekee kumi tu anayoweza kuyafunika vizuri, yasiwe yamekaa zaidi ya wiki moja, kisha muache siku 21. Baada ya wiki ya kwanza wachukue watoto usiku, mmulike yai moja moja kwa tochi. Lenye kifaranga utaona mishipa myekundu imetawanyika, lisilo nacho litakuwa jeupe tupu. Wangu walinyamaza kimya walipoiona mishipa ile, na kwa nyumba yetu hilo ni tukio.

Ukinunua vifaranga vya mashine itabidi uvitafutie joto mwenyewe, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na hapo ndipo watu wanapoingiza jiko la mkaa ndani. Dada yangu, nakuomba. Masika watu hufunga madirisha kwa ajili ya mvua na mbu. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa inayoua watu wakiwa usingizini, wala huisikii harufu. Usiliweke chumba wanacholala watoto, hata kwa saa moja, hata kwa ajili ya kifaranga cha dhahabu. Mabawa ya mama kuku hayahitaji mkaa.

Sasa siafu. Hawa hawaandikwi kwenye vile vijitabu vya ufugaji, lakini masika ndio wakati wao. Usiku mmoja nilisikia kuku analia, sio kelele ya kicheche, ni mlio mfupi mfupi wa kuchoka. Nikamwamsha baba watoto. Kufika bandani, sakafu yote inatembea. Kuku alikuwa amesimama, vifaranga chini yake, na siafu wanapanda miguuni. Baba watoto alitoka na bukta tu, akaruka ngoma pale kwenye matope ambayo sitaieleza hapa kwa heshima yake. Tulihamishia kuku na vifaranga jikoni ndani ya tenga, tukawatoa siafu mmoja mmoja kwa vidole, na watoto walioamshwa na zile kelele wakashika taa. Mkubwa, wakati ule yuko chekechea, alihesabu vifaranga kwa sauti, akakosea, akaanza tena. Walipona wote. Tangu hapo banda letu limeinuliwa juu ya miguu minne, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu, na makopo yamezibwa kwa wavu ili mikono midogo isiingie. Majivu nayo husaidia, ila mvua moja tu yamekwenda.

Kuinua banda kumenitatulia na lingine. Sakafu ikilowa, vifaranga hupata kuhara damu, na huwashika zaidi wakiwa na umri wa wiki chache tu. Dawa ipo kwenye maduka ya mifugo, lakini sakafu kavu ni rahisi kuliko dawa. Badilisha maranda au pumba kila zinaposhikana, usingoje zinuke. Masika huleta na ndui pia, maana mbu hueneza: utaona vipele kwenye upanga wa jogoo na kuzunguka macho. Haina tiba, ina chanjo, na huchomwa kwenye ngozi ya bawa.

Na watoto kuugua? Hapo shemeji wa Kibaha ana hoja. Kuku anaweza kubeba vimelea vya salmonela akiwa mzima kabisa, na walio chini ya miaka mitano ndio huumwa zaidi. Kwangu sheria ni mbili: habusiwi kifaranga, na anayetoka bandani hanawi kwa maji matupu, ananawa kwa sabuni. Nimetundika kibuyu chirizi karibu na mlango. Mabuti yao ya mpira hayaingii ndani. Basi. Wazazi wa siku hizi tunawaweka watoto kama vyombo vya kabatini, hawagusi tope, hawagusi mnyama, halafu tunashangaa wakifika darasa la tatu hawawezi kubeba ndoo. Mpe mtoto kazi ambayo asipoifanya itaonekana. Wangu mdogo anahesabu kuku jioni, mkubwa anaokota mayai, na siku mkubwa alipojisahau tulikunywa chai kavu, hakuna aliyemchapa.

Msiwadanganye pia. Mkubwa aliwahi kumpa jogoo jina, Kamanda, na huyo wifi yangu akaja tena, na mgeni hachinjiwi dagaa. Watu waliniambia nimwambie mtoto kuwa Kamanda amekwenda kijijini. Nilimweleza ukweli kabla ya kisu. Alilia, akakataa kula, nikamwacha asile. Wifi alikula paja. Sasa hivi mwanangu anajua mapema jogoo yupi ni wa kufuga na yupi ni wa wageni, na majina anawapa tetea tu.

La mwisho ni mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Huo ukiingia hauchagui, unafagia banda. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kuku wa umri wowote, kila baada ya miezi mitatu, na chanja kuku wakiwa wazima, sio wameshaanza kuzubaa. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wangu, na kikishafunguliwa hakiwekwi, kwa hiyo mtaani kwetu tunachanga na kuchanja siku moja. Mwanangu mkubwa ndiye anayepita nyumba kwa nyumba na daftari kukusanya hela, na ole wako umwambie upitie kesho.