Mteja anataka uzito wa kifuniko, wa nini?

SWALI: Mambo vipi mhariri. Natengeneza losheni, nimepata mteja Ujerumani na oda tumeshakubaliana, sasa kanitumia fomu anataka uzito wa chupa, pampu, lebo mpaka boksi la nje, vyote kwa gramu na niseme ni plastiki gani, halafu eti chupa nyeusi niachane nayo. Losheni yenyewe wala hajaiulizia! Hii imekaaje?

JIBU: Usimnunie, na yeye kabanwa. Wazo la kumbebesha mzalishaji gharama za takataka ya bidhaa yake lilitolewa na Thomas Lindhqvist wa Sweden mwaka 1990, Wajerumani wakaliwahi mwaka uliofuata wakaanza na vifungashio. Na kwa bidhaa inayotoka nje, anayebebeshwa mara nyingi ni yule anayeiingiza nchini, yaani mteja wako. Tangu 2019 lazima awe kwenye rejista yao inaitwa LUCID, aripoti kila malighafi na uzito wake, na ada analipa kwa hesabu hiyohiyo. Mzani wa kupima kifuniko hana, anao aliyekitengeneza, ndio maana fomu imeshuka mpaka kwako na wewe utaishusha kwa anayekuuzia chupa.

Hiyo chupa nyeusi sasa. Mashine za kuchambua plastiki zinamulika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kusoma unaorudi, ila rangi nyeusi ya kaboni inaumeza wote, kwa hiyo chupa inapita kwenye mkanda kama haipo na inaishia kuchomwa na mabaki mengine. Na pampu nayo uiangalie, ifungue uone, ndani kuna springi ya chuma na mara nyingine kagololi, nani ataketi kuvitoa kimoja kimoja? Ufaransa wameshaliweka hili kwenye bei, kifungashio kinachosumbua kuchakata kinalipiwa zaidi.

Mimi lakini siamini sana kwamba ada peke yake inabadilisha muundo, kwa chupa moja ni senti tu, bosi wa masoko anayeupenda weusi wake atalipa na maisha yataendelea. Kinachotingisha viwanda ni katazo. Ulaya walipozuia madini ya risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, viwanda vingi duniani vilibadilisha lehemu, iliyokuwa na risasi, hata kwa bidhaa zisizoenda Ulaya, maana kuendesha laini mbili, moja ya risasi moja bila, ni kujitafutia balaa la kuchanganya mzigo. Betri ndogo za kwenye vifaa nazo, ukitoa misamaha kadhaa, kuanzia Februari 2027 mtumiaji lazima aweze kuzitoa mwenyewe, na hilo huwezi kulilipia ada ukaendelea kuigandisha betri kwa gundi.

Kwa hiyo omba karatasi ya vipimo kwa anayekuuzia chupa, na kwenye mkataba aandike kwamba habadilishi malighafi wala rangi bila kukuambia, kwa sababu akikubadilishia kimyakimya ripoti ya mteja inakuwa ya uongo na lawama zinarudi kwako. Chupa chukua isiyo na rangi, lebo iwe ndogo, sio ile ya kuvalisha chupa nzima. Pampu kuna za plastiki tupu siku hizi, ila agiza sampuli kwanza uzijaribu na losheni yako, zingine losheni nzito inazishinda.