Mikindani peke yako? Nenda tu

Ndugu, umesema kikao chako hapo Mtwara kinaisha saa nane na huna wa kutembea naye. Panda daladala uende Mikindani, mji mkongwe wa pwani, ni kama kilomita 10 tu. Anzia Boma la Wajerumani la mwaka 1895, siku hizi ni hoteli. Ukiwa pale kilimani unaiona ghuba. Kisha teremka vichochoroni taratibu, utazame milango ya nakshi na kuta za matumbawe zilizoliwa na chumvi. Utamu uko hapo, na peke yako hakuna wa kukuharakisha. (Livingstone naye alipita mwaka 1866, ila mimi hilo halinisisimui.) Waamkie wazee barazani kabla hujatoa simu kupiga picha. Kilwa iache, ni mbali mno kwa alasiri moja.