Aliyebofya Asiogope Kusema

Kila ofisi niliyofanyia kazi kama mtu wa TEHAMA ilikuwa na tangazo ukutani: usifungue viungo usivyovijua, usimpe mtu nywila yako, funga skrini unapoondoka. Yote ni kweli, na sikumwona hata mmoja aliyebadilika kwa kuyasoma. Kinachobadilisha watu, kwa niliyoyaona, ni jinsi tunavyompokea yule anayekuja kusema, "Kaka, nadhani nimeharibu."

Mfanyakazi mwenzetu mmoja alipata barua pepe iliyomwambia kwamba sanduku lake limejaa, aingie mahali fulani alipunguze. Akaandika nywila yake, ukurasa ukabaki mweupe, na papo hapo akashtuka. Lakini alinyamaza. Muda mfupi kabla ya hapo mwenzake aliyeteleza vivyo hivyo alisemwa kikaoni mbele ya watu wote, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili. Habari zilipotufikia, wateja walikuwa wameshapokea barua zenye jina lake zikiwaelekeza walipe kwenye akaunti mpya ya benki.

Angesema mapema, kazi ingekuwa ndogo. Unabadilisha nywila, unatoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha unakagua mipangilio ya barua. Hilo la mwisho wengi hulisahau: wadukuzi hupenda kuweka amri ya kimyakimya inayotuma nakala ya kila barua kwao, na amri hiyo inaweza kubaki hata baada ya nywila kubadilishwa. Tuliikuta. Kwa hiyo, kama unasimamia ofisi, weka namba moja ya simu ya kutoa taarifa, na anayeipokea aanze na "asante". Kisha aulize ulibofya nini, uliandika nini, na ilikuwa saa ngapi. "Kwa nini ulibofya?" ni swali la kuacha kabisa. Mwambie pia asiifute barua ile. Tunaihitaji ili tujue nani mwingine ametumiwa.

Na zile barua za majaribio ambazo ofisi huwatumia wafanyakazi wake kuwapima? Sizipingi, ila usitangaze walionaswa. Hesabu waliotoa taarifa, na jinsi walivyowahi.

Kuhusu nywila, lawama nyingi zinatuangukia sisi wataalamu. Mwaka 2003 Bill Burr wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliandika mwongozo uliosambaa duniani: changanya herufi, tarakimu na alama, na badilisha mara kwa mara. Mwaka 2017 alisema hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoandika, na mwaka huohuo NIST ikaacha kushauri kubadilisha nywila kwa kalenda. Ibadilishwe pale kunapokuwa na dalili kwamba imevuja. Ukimlazimisha mtu abadilishe kila mwezi, Januari1! itakuwa Februari1!, nawe utajidanganya kwamba kuna ulinzi. Nywila ndefu ya maneno kadhaa yasiyohusiana inafaa zaidi, na kila akaunti iwe na yake. Hakuna kichwa kinachoweza kuzibeba zote, ndiyo maana nasisitiza programu ya kutunza nywila na kukujazia unapoingia. Ina faida nyingine isiyosemwa sana: ukifika kwenye tovuti bandia, programu haijazi chochote kwa sababu anwani siyo ileile. Jicho linadanganyika kwa herufi moja, programu haidanganyiki kirahisi hivyo. Ikikataa kujaza, simama uangalie anwani.

Ongeza uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila mtu aweke pia namba ya siri inayokuja kwenye simu yake, lakini waeleze watu kwamba namba hiyo nayo huibwa kwa maneno matamu. Julai 2020 wafanyakazi wa Twitter walipigiwa simu na watu waliojifanya ni wa idara ya TEHAMA, wakaelekezwa kwenye ukurasa bandia wa kuingilia. Wezi wakafika hadi kwenye akaunti za Barack Obama na Elon Musk, wakazitumia kuomba bitcoin, sarafu ya kidijitali. Kanuni yangu kazini ni kwamba idara yetu haiombi namba hiyo ya siri wala nywila, na anayeziomba akatiwe simu hata kama sauti ni yangu. Kisha unipigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani.

Wahasibu nao wanahitaji kanuni kama hiyo. Kati ya 2013 na 2015, Google na Facebook zililipa zaidi ya dola milioni 100 kwa ankara bandia zilizotumwa kwa jina la msambazaji wao halisi. Kama kampuni hizo zilinaswa, mhasibu wako hana haja ya kuona aibu kupiga simu kuthibitisha akaunti mpya ya benki. Asipige namba iliyoandikwa kwenye barua hiyohiyo, jambo ambalo watu hulifanya mara nyingi kuliko unavyodhani.

Masasisho ya programu sina mengi ya kuyasemea. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama kwenye Windows Machi 2017. Kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai malipo, kikaja Mei kupitia tundu hilohilo, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Washa upya kompyuta unapotoka kazini, ukirudi imemaliza. Kufunga skrini nako ni vitufe viwili, Windows na L. Kuna wanaopenda kumkomesha aliyeacha skrini wazi kwa kutuma ujumbe wa mzaha kwa jina lake. Siupendi mchezo huo, unawazoesha watu kugusa kompyuta zisizo zao.

Mgumu kuliko wote ni bosi. Ndiye anayetaka aondolewe hatua mbili kwa sababu ana haraka, na ndiye wadukuzi wanayemtamani. Mmoja niliyefanya naye kazi nilimwomba jambo moja tu: barua ya kitapeli iliyokaribia kumnasa aionyeshe mwenyewe kikaoni, bila kuipamba. Akaionyesha. Siku hiyohiyo simu yangu ilianza kuita, na baadhi ya waliopiga walikuwa na barua za miezi iliyopita walizokuwa wamezificha.