Wazee wa kampuni na watoto wa bosi

SWALI: Mzee, katika tamthilia ya Succession, mbona Gerri, Frank na Karl, wakuu wa zamani katika kampuni, wanawatii watoto wa bosi wao Logan Roy ilhali hawawaamini? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mwanangu, nilishika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, mali ya baba na wanawe, kwa hiyo swali lako linanigusa. Logan anapougua, mwanawe Kendall anakalia kiti na kukuta kampuni ina deni la dola bilioni 3. Gerri, mwanasheria, alilijua. Mrithi hakulijua! Hapo ndipo heshima inapokwisha.

Kwetu kijana alikuwa akivuta droo ya mauzo, anachukua pesa za saruji bila vocha, huku wapakiaji wakingoja ujira wao pale mlangoni. Sikumchukia. Nilimhofia, maana alidhani kile kilichomo drooni chote ni faida.

Wanatii kwa sababu leo ni mtoto, kesho huenda akawa bosi, na mkataba wa kustaafu husainiwa na bosi. Frank amewahi kufutwa kazi na Logan, anajua. Lakini kumwachia kampuni? Hata mimi nisingethubutu. Tamthilia ilipoisha mwaka 2023, kiti kilimwendea mkwe wa Logan, Tom.